Mwanafunzi wa Uzamivu Akikabidhiwa Darasa: Maswali ya Wasomaji

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, mwanafunzi wa uzamili au uzamivu hupewa darasa zima alifundishe mwenyewe. Anaingia darasani peke yake, anatunga majaribio, anatoa alama za mwisho, na kwa msajili jina lake ndilo limeandikwa kuwa mwalimu wa kozi. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaosomea isimu, fasihi au elimu kule hulipiwa ada na posho kwa kazi hii, na wapo wanaoshika madarasa ya Kiswahili ya mwaka wa kwanza. Huku nyumbani nako, wasaidizi wa wahadhiri walio masomoni hujikuta wameachiwa kozi nzima. Barua za mwezi huu zimetoka kwa wasimamizi na kwa wanaosimamiwa.

Mimi ni mratibu wa Kiswahili katika chuo kikuu cha Marekani. Agosti nitapokea wanafunzi wawili wapya wa uzamivu, mmoja wa Mwanza na mwingine wa Machakos. Kila mmoja atashika darasa lake la mwaka wa kwanza. Hawajawahi kufundisha wageni. Nianzie wapi?

Anzia kwenye hesabu ya saa, kabla ya silabasi na kabla ya kitabu. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo, F-1, haruhusiwi kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea, na mikataba mingi ya kazi hii imeandikwa kwa kiwango hichohicho. Chukua darasa la vipindi vinne kwa wiki. Kufundisha, saa 4. Kuonana na wanafunzi, saa 2. Kusahihisha kazi za watu 20, saa 4. Kikao na wewe pamoja na barua pepe, saa 2. Zimekwenda 12, zimebaki 8 za maandalizi, yaani saa 2 kwa kila kipindi. Aliyekwisha kufundisha kozi hiyo zinamtosha. Mgeni kipindi kimoja humla saa 3 hadi 4, kwa sababu anatengeneza kila zoezi kutoka mwanzo na hajui litachukua dakika ngapi. Hapo amefika saa 24 au 28, na ile ziada anaikata kwenye masomo yake au kwenye usingizi. Wewe utaiona Novemba, atakapoanza kuchelewesha kazi za semina zake, na utadhani tatizo ni semina.

Kwa hiyo wakabidhi vipindi 12 vya wiki tatu za kwanza vikiwa tayari: lengo la kipindi, mazoezi na muda wa kila zoezi, kazi ya nyumbani. Wiki ya nne hadi ya sita wape mpango wa wiki tu, vipindi wavitunge wao. Kuanzia ya saba, muhtasari wa kozi unatosha. Wako wasimamizi wanaoona huku ni kumnyima kijana uhuru wa kufundisha. Sisi tunaona kinyume chake: anayeingia darasani akiwa hajalala hana uhuru wowote, anafundisha ukurasa unaofuata kwa kuwa ndio unaofuata.

Wiki nane kabla ya muhula, andikeni karatasi moja ya makubaliano. Isizidi ukurasa. Iseme nani anachagua kitabu, nani anatunga mtihani wa kati na wa mwisho, uzito wa alama unabadilishwa na nani, nani anaingia darasani mwalimu akiugua, na ni mambo gani lazima yakufikie siku hiyohiyo: tuhuma ya kunakili, mwanafunzi aliyetishia mtu, malalamiko ya alama yaliyoandikwa. Mengine yote ni ya mwenye darasa. Karatasi hii inawalinda wao zaidi kuliko inavyokulinda wewe, kwa sababu mgeni akiwa hajui mpaka wake uko wapi huomba ruhusa kwa kila kitu, au haombi kabisa.

Sasa suala la lugha yenyewe, maana hapa ndipo wazungumzaji wa tangu utotoni hukwama. Mwanafunzi wa Kimarekani atauliza kwa nini tunasema “kijana wangu” lakini “rafiki yangu”, na kisha “rafiki yangu amekuja”, siyo “imekuja”. Mwalimu mpya hajawahi kujiuliza. Atasema “ndivyo tunavyosema”, au atatumia dakika 30 za kipindi cha dakika 50 kueleza ngeli kwa Kiingereza, na siku hiyo hakuna atakayekuwa amefungua kinywa kusema Kiswahili. Waandalieni kurasa mbili za maswali kama 20 ya namna hii na jibu fupi la kila moja. Hapa jibu ni kwamba majina ya jamaa na watu wa karibu yaliyo katika ngeli ya N, kama rafiki, ndugu, dada na mama, hufuata ngeli hiyo katika vimilikishi, lakini katika vitenzi na vivumishi hufuata ngeli ya watu. Dakika mbili, mifano minne, wanaendelea na mazungumzo.

Kisha kaa nao wawili mpatane juu ya tofauti za kwao. Wa Mwanza atafundisha kwamba “bibi” ni mama mzaa baba au mama. Wa Machakos anamwita huyo “nyanya”, na “bibi” kwake anaweza kuwa mke. Wa Mwanza naye akisikia “nyanya” anafikiria mchuzi. Mtihani ukiwa wa pamoja na swali linahusu familia, nusu ya watahiniwa wataadhibiwa kwa kumsikiliza mwalimu wao. Wiki moja kabla ya kila jaribio, kila mmoja asome maswali ya mwenzake akiwa na kalamu nyekundu, na mwongozo wa kusahihishia uorodheshe majibu yote yanayokubalika.

Vikao: dakika 45 kila wiki kwa wiki sita za mwanzo, baadaye kila wiki mbili. Usiulize “Darasa linaendeleaje?” Kijana aliyelelewa kumheshimu mwalimu wake atajibu “Linaendelea vizuri, Profesa” huku maji yamemfika shingoni. Omba vitu badala ya habari. “Nionyeshe karatasi tano ulizosahihisha kabla hujazirudisha.” “Nitajie waliokosa vipindi viwili mfululizo.” “Zoezi gani halikumalizika jana?” Katika karatasi tano utaona mengi: anasahihisha kila kosa mpaka ukurasa umejaa wino, au alama za wa kwanza ni kali na za wa tano zimelegea, au maoni yote ni “Vizuri!”. Kila moja ya hayo inatibika ndani ya nusu saa, ikiwa imeonekana wiki ya tatu.

Nikiingia kumwangalia mwanafunzi wangu akifundisha, anatetemeka, na darasa zima linageuka kunitazama mimi. Ziara inakuwa haina maana. Nifanyeje?

Huenda umeingia bila kutangulia kuzungumza naye, au ulichelewa ukaufungua mlango kipindi kimeanza. Ziara ina sehemu tatu, na ya darasani ndiyo fupi.

Siku moja au mbili kabla, kaeni dakika 20. Akueleze lengo la kipindi, na achague mwenyewe jambo moja analotaka ulitazame: labda anaita watu walewale, labda anazungumza mno. Mpatane pia utakaa wapi na atakutambulishaje. Sentensi moja yatosha: “Leo tuna mgeni kutoka idarani, amekuja kuniangalia mimi, siyo ninyi.”

Darasani kaa nyuma pembeni, fika dakika tano kabla, baki mpaka mwisho. Gawa karatasi yako safu tatu. Ya kwanza ni muda, kila dakika mbili. Ya pili ni anachofanya mwalimu, ya tatu wanachofanya wanafunzi. Andika ulichoona na kusikia, siyo hukumu. “10:14 – auliza swali, asubiri sekunde 1, ajibu mwenyewe” ina faida kubwa kuliko “hashirikishi wanafunzi”, kwa sababu ya kwanza haina ubishi na dawa yake imo ndani yake: asubiri, ahesabu kimoyomoyo mpaka tano. Chora pia ramani ya viti na utie alama kila mtu anapozungumza. Ukishaketi usijibu swali la mwanafunzi hata ukiulizwa wewe, wala usisahihishe kosa la mwalimu mbele ya darasa. Ukimsahihisha mara moja, kuanzia siku hiyo kila swali gumu litageukia mlangoni kukutafuta.

Ndani ya saa 48, sehemu ya tatu. Aanze kusema yeye. Mpe zile safu azisome kabla hujatoa maoni, maana mara nyingi atayaona mwenyewe. Kisha chagueni mambo mawili ya kubadilisha. Orodha ya makosa tisa haimbadilishi mtu yeyote.

Ziara ya kwanza iwe kati ya wiki ya tatu na ya tano, na isiingie kwenye faili lake. Ya pili, baada ya katikati ya muhula, ndiyo ya kumbukumbu rasmi. Ukizichanganya, atakufundishia wewe kipindi cha maonyesho, na shida yake halisi hutaiona.

Ukitaka kusikia wanafunzi wenyewe, karibu na wiki ya sita fanyeni kikao cha dakika 20 hadi 25 mwalimu akiwa ametoka nje. Mtu asiye na mamlaka juu yake wala juu ya alama huwagawa katika makundi ya wanne wanne na kuwauliza mambo matatu: nini kinakusaidia kujifunza hapa, nini kinakuzuia, unapendekeza nini. Makundi yanaripoti, darasa linasema lipi linakubaliwa na wengi. Mwalimu anapewa muhtasari bila majina, na kipindi kinachofuata anawaambia waziwazi atakachobadilisha na asichoweza kubadilisha, na sababu. Asipowarudia na jibu, ni afadhali msingewauliza.

Natoka Kenya, nafanya uzamivu katika jimbo moja la Kusini mwa Marekani. Wenzangu wamepewa madarasa, mimi nimeambiwa nisubiri mpaka nifikishe “saa 18”. Je, huu ni ubaguzi?

Hatuwezi kuhukumu mambo ya idara yako kwa mbali, lakini kanuni hiyo ipo na ni ya wote. Vyuo vya majimbo 11 ya Kusini, Texas na Florida yakiwemo, vimezoea kupata ithibati kwa SACSCOC, shirika linalothibitisha ubora wa vyuo vya eneo hilo. Mwongozo wake unataka mwanafunzi anayefundisha kozi awe na shahada ya uzamili katika somo analofundisha, au awe amemaliza saa 18 za masomo ya juu katika somo hilo, saa zikiwa ni kipimo cha uzito wa kozi (“credit hours”). Kozi ya kawaida ina saa 3, kwa hiyo ni kozi 6.

Angalia mambo mawili. Kama una uzamili wa Kenya katika somo hilohilo, uliza kama hati yako imefanyiwa tathmini ya ulinganifu. Mara nyingine imekaa tu kwenye faili la udahili na idara haijui. Kama uzamili wako ni wa somo jingine, tuseme elimu, na unatarajiwa kufundisha isimu, basi ni kuhesabu kozi.

Mwongozo huohuo unasema zaidi: awepo mhadhiri mwenye uzoefu wa somo hilo anayekusimamia moja kwa moja, mafunzo ya mara kwa mara kazini, na tathmini zilizopangwa. Hizo ni haki zako siku utakapopewa darasa. Uliza mapema nani atakusimamia, jina na siku za vikao.

Baba wa mwanafunzi wangu amepiga simu idarani akitaka kujua kwa nini mwanawe amepata D. Huyo mwanafunzi naye ananiandikia barua pepe kila usiku, na nasikia amekwenda kwa profesa anayenisimamia. Nimjibu nani, na nini?

Baba usimjibu kuhusu alama, hata kwa upole na hata akisema yeye ndiye mlipaji. Sheria ya shirikisho ya 1974 inayoitwa FERPA humpa mwanafunzi wa chuo haki juu ya kumbukumbu zake mwenyewe, na chuo kwa kawaida hakimwonyeshi mtu mwingine bila idhini ya maandishi. Ina vighairi vyake, lakini wa kuvipima ni ofisi ya msajili. Mwambie: “Siruhusiwi kuzungumzia kumbukumbu za mwanafunzi yeyote. Nitakuelekeza kwa msajili.” Usithibitishe hata kwamba mwanawe yumo darasani kwako. Kwetu ni vigumu kumjibu hivyo mzazi wa mtu, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa mwanafunzi, weka utaratibu na uuandike kwenye silabasi ya muhula ujao: malalamiko ya alama hupokewa baada ya saa 24 tangu karatasi kurudishwa na kabla ya siku 7, kwa maandishi, yakitaja swali na kipengele cha mwongozo wa kusahihishia. Wengi hutulia wanaposoma mwongozo. Ukikuta kweli umekosea, sahihisha kwa kila aliyeathirika na kosa hilo. Ukimpa huyu aliyelalamika peke yake, umewafundisha wengine kulalamika.

Na neno kwa wasimamizi. Mwanafunzi akija kwenu kabla ya kumwona mwalimu wake, mrudisheni kwake kwanza, isipokuwa shauri lenyewe ni la unyanyasaji au vitisho. Msibadilishe alama kimyakimya. Ikibidi ibadilike, mwalimu aitwe, aonyeshwe sababu, na mabadiliko yatoke mkononi mwake. Alama ikibadilishwa nyuma ya mgongo wake, darasa zima litajua kufika Ijumaa.

Ni mhadhiri Tanzania. Nitakuwa safarini wiki tisa, na msaidizi wangu, ambaye pia namsimamia tasnifu ya uzamili, atabaki na kozi yenye wanafunzi 180. Amekubali kwa moyo mkunjufu. Nimwachie maelekezo gani?

Tuanze na ule moyo mkunjufu. Wewe ndiye utakayesaini tasnifu yake. Angekataaje? Hatusemi hili kwa kukulaumu, lakini ridhaa ya mtu aliye chini ya kalamu yako haitoshi kuwa mpango. Mkuu wa idara amwandikie barua inayotaja kozi, wiki, idadi ya wanafunzi na kazi gani atapunguziwa kwa muda huo. Ateuliwe pia mhadhiri mwingine aliyepo chuoni, ambaye si msimamizi wa tasnifu yake, wa kumkimbilia. Na tarehe za sura zake zisogezwe kwa maandishi, maana atachelewa.

Maelekezo yenyewe: mtihani wa mwisho na mwongozo wake wa kusahihishia uwe umepita kwenye kikao cha idara kabla hujaondoka. Msaidizi asiachiwe kuutetea mtihani wewe ukiwa huna mtandao. Alama za mazoezi na majaribio zitundikwe kwa namba za usajili, wanafunzi wapewe siku tano za kudai, kisha orodha ifungwe. Zikingoja wiki ya mtihani, utarudi ukute foleni mlangoni. Alama zisipite kwenye kundi la WhatsApp la darasa, hata kwa dharura.

Kusahihisha ndiko kunakovunja watu mgongo. Karatasi 180 kwa dakika 12 kila moja ni saa 36. Kwa saa 4 kwa siku ni siku 9 bila kupumzika. Tafuta mtu wa pili. Wafunge karatasi mafungu ya 20, kila fungu na namba yake na daftari la kusaini kutoka na kurudi, kwa sababu karatasi inayopotea aghalabu hupotea kati ya ofisi na nyumbani. Wasahihishe swali moja kwa karatasi zote, ndipo waende la pili. Anayesahihisha karatasi nzima nzima hubadilika kadiri anavyochoka, na aliyekaa chini ya rundo ndiye anayelipa. Kabla ya kuanza, wote wawili wasahihishe karatasi 10 zilezile bila kuonana, walinganishe. Tofauti ikizidi alama mbili katika kumi, mwongozo haujaeleweka, waurekebishe kwanza. Mwisho mhadhiri aliyeteuliwa apitie moja katika kila kumi, pamoja na zote zilizoanguka kwa alama chache. Mtahini wa nje akija atakuta njia ya kila alama inaonekana.

Tathmini za wanafunzi zimetoka. Msaidizi wetu amepata wastani wa chini, na watatu wameandika kwamba “lafudhi yake haieleweki”. Tuyachukue kwa uzito gani?

Kwanza, wangapi wamejibu? Watu 9 kati ya 24 si darasa. Pili, linganisha na ulichoandika wewe ulipomtembelea. Kama ulimwona anazungumza akiwa ameukabili ubao, au anataja neno jipya bila kuliandika, una jambo la kumsaidia: maneno 6 hadi 8 ya msingi yaandikwe ubaoni kabla ya kipindi, na maelekezo ya kila zoezi yaonekane pia kwa maandishi. Kama hukuona hayo, usimtake abadilishe sauti yake. Andika barua fupi iwekwe pamoja na tathmini, ikisema ziara zako zilionyesha nini. Asiyekuwa na ziara hana cha kuandika, na ndipo tathmini za watu tisa hubaki kuwa ushahidi pekee kwenye faili la kijana.

Mwanafunzi alibaki baada ya kipindi akaanza kunisimulia kwamba amenyanyaswa kingono. Sikujua niseme nini.

Katika vyuo vingi vya Marekani mwenye darasa, hata akiwa mwanafunzi, anawajibika kutoa taarifa kwa ofisi inayosimamia Title IX, sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Mweleze hilo mapema, kabla hajafika mbali, ili achague: “Nataka kukusikiliza. Ujue lakini kwamba mimi nalazimika kuijulisha ofisi fulani. Ukitaka mtu wa kutunza siri, nitakusindikiza kwa mshauri nasaha sasa hivi.” Usimhoji, usichunguze, usimwahidi siri usiyoruhusiwa kuitunza. Na wewe mwenyewe mwone msimamizi wako siku hiyo, bila kutaja jina la mtu. Habari kama hizo humlemea pia anayezisikia.

Muhula umekwisha, ameshatoa alama. Kuna lililobaki?

Yapo mawili, yafanyike ndani ya wiki mbili. Aandike pembezoni mwa silabasi yake yapi yalichukua muda zaidi na zoezi gani lilikufa, nakala ibaki idarani kwa atakayeshika darasa hilo Agosti. Nawe andika rasimu ya barua ya mapendekezo sasa, ungali unakumbuka kipindi kile cha wiki ya tano alipoitupa karatasi ya maandalizi na kufuata swali la mwanafunzi. Ukingoja mpaka aiombe baada ya miaka mitatu, utaandika kwamba ni mwalimu mwenye bidii.